Vuli isihukumiwe kwa makosa ya masika

Ushauri kuhusu msimu wa kwenda Unguja ni ule ule: nenda Juni hadi Oktoba au Desemba hadi Februari, ukwepe mvua. Kuhusu masika, ni kweli. Aprili peke yake hupata zaidi ya milimita 300, na baadhi ya hoteli za mashariki hufungwa hadi Juni. Kosa ni kuitia na vuli, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, humo humo.

Novemba hupata takriban nusu ya mvua ya Aprili, nayo huja kwa vipindi: inapiga kwa muda wa saa moja hivi, kisha jua linatoka. Muhimu zaidi ni bahari. Upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujashika; ni tangambili, kipindi cha kati ya pepo hizo mbili. Boti ya kutoka Dar es Salaam haiyumbi kama Julai, na maji ya kisiwa cha Mnemba hutulia, mzamiaji akaona mbali.

Kipupwe nacho, msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, kina sifa zake: hewa kavu, usiku usio na joto, na mpanda kaiti wa Paje, pwani ya mashariki, hupata upepo wa kusi anaoutaka. Lakini anayetaka kuogelea atakuta upepo huo huo unapiga pwani ya mashariki usoni, maji yamechafuka. Huyo aende Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa.

Tena mwezi wa angani ni wa kutazamwa kabla ya mwezi wa kalenda, jambo ambalo wauza safari wengi hawalitilii mkazo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Jambiani, pwani hiyo hiyo ya mashariki, saa 4 asubuhi bahari imeshakimbilia mwambani. Unabaki mchanga, mashamba ya mwani na urchini, viumbe vya baharini vyenye miiba ya kuchoma miguu. Maji hujaa tena saa 10 jioni. Subiri wiki moja, mwezi uwe nusu na maji mafu yafike: hapo hujaa asubuhi, na hayapwi mbali. Kwa hiyo chagua wiki ya nusu mwezi, uvae viatu vya majini.

Hatari ya vuli ipo. Mwaka 2019 na 2023 ilizidi mno Afrika Mashariki, hivyo soma utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kulipia, na uchague chumba ambacho ukighairi unarejeshewa fedha. Asiyeweza kusafiri Novemba afike mwanzoni mwa Desemba, bei za Krismasi hazijapanda.