Mto Ulifurika, Lawama Kapewa Marehemu

Nimenyamaza tangu Aprili. Leo nasema, na atakayeudhika anajua nyumbani kwetu.

Msibani kwa baba mdogo, Kilosa, jeneza likiwa bado chini ya turubai, mhubiri alishika kipaza sauti akasoma Marko 16:16: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka." Akairudia, akikazia hilo "na kubatizwa" kama fundi anayegongomelea msumari. Kisha akasema tusidanganyane, mzee wetu alipewa nafasi akaahirisha, basi sisi tuliobaki tusiahirishe. Watu wanne wakanyoosha mikono kuokoka. Mavuno mazuri, hongera zake.

Sasa tuongee kuhusu huko kuahirisha.

Baba mdogo alianza mafundisho Agosti mwaka jana, ana miaka 63. Alikuwa na daftari la jalada la bluu, kila somo na tarehe yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne: herufi kubwa kubwa, zinapanda mlima. Ubatizo ulipangwa Machi, Mto Mkondoa, maji mengi. Mama mdogo akamnunulia shati jeupe mnadani, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango. Mvua ikaanza. Wenye kuijua Kilosa wanaujua Mkondoa ukishaamua. Kanisani likatoka tangazo: ubatizo unasogezwa mpaka mto upungue. Maji mengi yalizidi wingi. Wiki tano baadaye presha ikamchukua, shati bado liko mlangoni.

Nani aliahirisha hapo?

Kama unaamini kwa dhati kwamba bila maji mtu anapotea, usingizi unakujaje wakati una watu kumi na saba kwenye foleni? Kamwombe mwenye bwawa la samaki. Jaza pipa. Yule mlinzi wa gereza kule Filipi alibatizwa "saa ile ile ya usiku", yeye na watu wake wote, na mapigo ya akina Paulo ndiyo kwanza yameoshwa. Towashi wa Kushi aliona maji njiani akauliza, "Ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Filipo hakumwambia arudi akamalizie somo la kumi na mbili. Hakumwambia kamati haijakaa. Waliteremka garini wakaingia majini. Wale waliamini kuwa jambo ni la haraka na wakafanya haraka. Ninyi mnahubiri haraka ya Matendo ya Mitume kwa ratiba ya mara mbili kwa mwaka, halafu anayefia kwenye foleni yenu mnasema alizembea.

Haya, nakubali, kusubiri kuna sababu zake. Hata kanisa la kale liliwafundisha watu muda mrefu kabla ya kuwabatiza, na nimeona mwenyewe wanaobatizwa Jumapili na kufikia Jumatano wamesahau jina la mchungaji. Lakini kanisa hilohilo la kale lilijua la kusema kaburini. Mwaka 392 alikufa Kaisari Valentinian II, kijana mbichi kabisa. Alikuwa ameomba Ambrose, askofu wa Milano, aje ambatize. Ambrose hakuwahi. Dada zake wakalia kwa hilo hasa, kwamba kaka yao ameondoka bila ubatizo. Askofu akahubiri kwenye maziko, akawafariji kwamba aliyeuomba ameupata. Na huyu hakuwa mlegevu: ndiye aliyemtia Kaisari Theodosius kwenye toba. Ila alijua mbele yake kuna wafiwa.

Juzi tu, Juni 3, watu walifurika Namugongo, Uganda, kuwakumbuka mashahidi waliouawa kwa imani yao. Kati ya wale Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 yumo Mukasa Kiriwawanvu, aliyeuawa mwaka 1886 akiwa bado mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa ubatizo ambaye hajabatizwa. Siku chache kabla, Charles Lwanga alikuwa amewabatiza wenzake kadhaa usiku, Kizito mdogo akiwemo. Kiriwawanvu hakubahatika. Kufia imani namna hiyo Wakatoliki wanakuita ubatizo wa damu, na mhubiri wetu atasema hayo ni mambo ya Waroma. Sawa. Mwizi wa msalabani sitamtaja, maana jibu lenu (alikufa kabla ya Pentekoste) mmelikariri kuliko Baba Yetu.

Na ninyi wa "ubatizo ni alama tu", msinipigie makofi. Matendo 2:38 inasema "mpate ondoleo la dhambi zenu", na Petro katika waraka wake wa kwanza anasema waziwazi kuwa ubatizo unaokoa. Nimejaribu kuizunguka mistari hiyo miaka mingi, nimechoka, nimeiacha ilivyo. Baba mdogo alikuwa anayataka yale maji. Alimwamini mhubiri wake kuliko mhubiri alivyojiamini mwenyewe.

Usiku baada ya mazishi nilimkuta mama mdogo uani anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Hakuinua uso.

"Mwanangu, wewe umesoma. Baba yako yuko wapi?"

Ambrose hakunijia kichwani. Hakuna aya iliyonijia. Nikasema, "Yuko salama, mama." Akaendelea kusugua mahali palepale palipokwisha kutakata.

Mkondoa umepungua. Jumapili iliyopita waliosalia kwenye foleni walibatizwa, kumi na sita. Mama mdogo alienda. Kuna kijana hakuwa na nguo nyeupe, basi akampa lile shati, kubwa kwake, mikono ikabidi ikunjwe. Mchungaji akasimama kutoa shukrani: kwa kwaya, kwa walioleta gari, kwa waliopika. Mwenye shati hakutajwa.