Farasi hawakuuawa na masega

Kuna jedwali linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda magari ya zamani, na kila linapofika linaacha kilio. Upande mmoja Corvette ya 1970, gari la michezo la General Motors ya Marekani, injini ya 350 (inchi za ujazo, kama lita 5.7), nguvu za farasi 300. Upande wa pili Corvette ya 1975, injini ileile ya 350, farasi 165. Chini yake mtu kaandika kwa herufi kubwa: WATU WA MAZINGIRA WALIUA FARASI. Halafu, kama kawaida yetu, likafuata hitimisho la gereji: toa masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, "catalytic converter"), gari ipumue.

Nilikuwa nanyamaza. Nikashindwa pale kijana mmoja mwenye Toyota Corona ya miaka ya 90 alipouliza ni fundi gani wa karibu atakayemtolea masega ili "arudishiwe farasi wake". Arudishiwe kutoka wapi? Corona yako imezaliwa na masega, kaka. Hao farasi unaowadai hukuwahi kuwa nao.

Namba za jedwali ni za kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu amechukua ukweli mbili na kutengeneza uongo mmoja safi kabisa.

Kinachofichwa ni hiki. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, kampuni za Marekani zilikuwa zinapima injini ikiwa imevuliwa kila kitu. Hakuna chujio la hewa, hakuna feni, alteneta haina mzigo, sailensa ya gari haipo, moshi unatoka kwenye bomba pana la maabara, na taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) imesogezwa mpaka pale inapotoa namba tamu ya kuchapa kwenye tangazo. Ni kupima mbio za mchukuzi kabla hajatwikwa gunia. Kuanzia magari ya 1972 wote wakahamia kipimo kingine: injini ipimwe ikiwa na vitu vyake vyote, jinsi inavyokaa ndani ya gari. Farasi wakapungua nchi nzima bila mtu kugusa spana.

Ushahidi mzuri uko katikati ya lile jedwali, kwenye mwaka ambao mtengenezaji wake hakuuweka. Mwaka 1971 General Motors walichapisha namba zote mbili. Corvette ileile ya 350 iliandikwa farasi 270 kwa kipimo cha zamani na 210 kwa kipimo kipya. Gari moja, injini moja. Farasi 60 wameondoka na karatasi! Hakuna vali iliyoongezwa, hakuna bomba lililobanwa.

Sasa fanya hesabu ya duka la Mangi tu. Kutoka 300 hadi 165 pengo ni 135. Sitini ni karatasi. Thelathini wengine waliondoka kati ya 1970 na 1971, kutoka 300 hadi 270, kipimo kikiwa bado kile cha zamani. Hao walikwenda wapi? Kwenye pistoni. Kompresheni, yaani kiasi injini inavyobana mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kuuwasha, ilishushwa kutoka 10.25 hadi 8.5, kwa sababu Ed Cole, rais wa General Motors wakati huo, alitaka injini zake ziweze kutumia petroli ya oktani ndogo, isiyovumilia kubanwa sana, na isiyo na risasi (madini ya lead). Na risasi ilibidi iondoke kwa kuwa masega yaliyokuwa njiani hayapatani nayo: inayapaka na kuyaua ndani ya muda mfupi.

Haya, najua mtasema: kumbe basi ni mazingira. Sawa, chanzo ni masharti ya hewa safi yaliyokuwa yanakuja, na sheria yake kubwa Rais Nixon aliitia sahihi siku ya mwisho ya 1970, sibishi. Lakini tazama kinachofuata. Masega yenyewe yalifika 1975, miaka minne baada ya kompresheni kushuka. Ukichukua Corvette ya 1975 leo ukang'oa pampu ya hewa, ukaziba ile vali inayorudisha moshi kwenye injini, ukatupa masega, ndani bado una pistoni zilezile za 8.5. Utakachopata ni kelele. Na kelele, nadhani, ndiyo nusu ya nguvu ambayo watu wanaisikia baada ya kutoka gereji.

Wanabaki 45. Hapa nalazimika kukubali kitu, na sikipendi. Thelathini kati yao walipotea mwaka uleule masega yalipoingia, kutoka 195 hadi 165. Wahandisi wa Corvette walichukua mabomba mawili ya moshi, wakayaunganisha yakapita kwenye sega moja, kisha wakayatenganisha tena nyuma ili mnunuzi aone midomo miwili na afurahi. Ndiyo, injini ilibanwa. Lakini mwaka uliofuata gari hilohilo, sega likiwa palepale, likapanda hadi 180.

Na kama bado unaamini sega ni jini la kunywa nguvu, nenda hadi 1992. Corvette, injini ya lita 5.7 kama ile ya zamani, farasi 300. Safari hii ni 300 za kipimo cha kweli, injini imevaa vitu vyake vyote, na masega yapo chini. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna kompyuta, sindano za mafuta na sensa ya oksijeni, na kompresheni imerudi juu ya 10.

Somo hili nililipata kwanza kupitia gari lingine, Datsun 240Z, ambayo kwetu Afrika Mashariki haihitaji utambulisho. Dereva Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally 1971, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo 1973. Mwaka huohuo wa 1973 Wamarekani walikuwa wanaitukana 240Z yao, maana walipewa kabureta mpya za kupunguza moshi ambazo zilichemsha mafuta kwenye joto na gari likagoma kuwaka. Wengi wakazing'oa na kurudisha za zamani, na siwalaumu. Lakini 1975 ikaja mdogo wake, 280Z, yenye sindano za mafuta, tatizo likaisha, na masharti ya moshi yalikuwa makali zaidi. Miaka ile shida ilikuwa watu kujaribu kutekeleza sheria mpya kwa kabureta la kale, kwa kuchelewesha taimingi na kupunguza mafuta mpaka gari linakohoa.

Bima na mgogoro wa mafuta wa 1973 navyo vilichangia. Tuviache.

Ninachotaka kuwauliza mafundi wetu ni jambo dogo. Ukimtolea mtu masega, unayapeleka wapi? Mle ndani mna platini, paladi na rodi, na wanunuzi wanajulikana. Mteja anaondoka na bomba tupu na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi, anakushukuru, na wewe unabaki na mzigo. Biashara nzuri sana.

Halafu nasema hili bila mzaha. Nchi zetu kusini mwa Sahara zilichoma petroli ya risasi mpaka karibu na 2006, miaka mingi baada ya wengine kujua inafanya nini kwenye ubongo wa mtoto. Tulipewa mafuta safi kwa kuchelewa, tukaanza kuletewa magari yenye masega, na tunayang'oa wenyewe kwa mikono yetu, halafu tunasimama kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, na watoto kwenye siti ya nyuma.

Sega lililoziba ni habari tofauti. Hilo linabana kweli. Pima, kisha badilisha, na utafute kwanza kilichoziba: mara nyingi ni plagi mbovu au injini inayokula oili.

Wa kumhurumia kweli ni mwenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, iliyouzwa Marekani kuanzia 1975. Waliinyang'anya kabureta zake mbili za kampuni ya SU, wakaipa moja ya Zenith-Stromberg, ikabaki na farasi kama 62 za kuvuta gari lililoongezwa mabampa mazito ya mpira, wakati Mwingereza aliendelea na mbili zake. Mwenye hiyo akirudisha SU zake mbili, mimi nitageuza uso.