Kipupwe hiki ukapande mawimbi wapi, Durban au Jeffreys Bay?

Ikishakaribia Juni sisi tunaopenda kupanda mawimbi kwa bodi tunaanza kuulizana lilelile, likizo ya kipupwe tunaelekea wapi, na mwisho wa siku majina yanayobaki mezani ni mawili tu, yote ya Afrika Kusini, Durban na Jeffreys Bay. Halafu ubishi unakuwa wa ushabiki kama Simba na Yanga, wa Durban hasikii la mtu na wa Jeffreys Bay ndio kabisaa. Mi naona watu wengi wanabishana kuhusu wimbi gani ni zuri zaidi, wakati cha kupiga hesabu ni masaa mangapi utakaa majini ukiwa unapanda kweli, kwa kiwango chako wewe na kwa siku ulizopewa kazini.

Kwanza kwa nini tutoke nyumbani. Kusi likiingia bahari yetu inachafuka sana ila wimbi lenye umbo hamna, maji yanarukaruka tu, jamaa wa kite, wale wanaovutwa na tiara juu ya bodi, pale Paje na Diani ndio wanafurahia. Mwamba wetu umekaa mbali na ufukwe kwa hiyo nguvu yote inavunjikia huko nje, na yale mawimbi makubwa yanayotokea kusini kabisa mwa dunia yanamkuta Madagascar amekaa njiani. Tunabaki na mabaki. Afrika Kusini wao miezi hiyo ndio baridi yao na ndio msimu wao hasa, na kwa pasipoti zetu imekuwa rahisi, Mtanzania anaingia bila viza mpaka siku 90 na Mkenya naye tangu Januari 2023 ni hivyohivyo. Mkenya, Mganda na Mkongomani msisahau kadi ya njano ya homa ya manjano, hiyo wanaiulizia kweli.

Sasa Jeffreys Bay. Ni mji mdogo kama kilomita 75 magharibi ya Gqeberha, ule mji uliokuwa unaitwa Port Elizabeth, na sifa zake si za kupachikwa, yani pale mahali pameumbwa. Msimu wa baridi dhoruba zinapita kusini ya bara, huko bahari isiyo na nchi ya kuizuia, zinasukuma mawimbi kuja juu, yanaizunguka rasi ya Cape St Francis na yakiingia kwenye ghuba yanakuwa yamejipanga mstari kwa mstari, halafu upepo wa kusini-magharibi unaokuja na dhoruba hizohizo ukifika pale unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, kwa hiyo kinacholeta wimbi ndicho kinacholisafisha. Ni fuko chache sana duniani zenye bahati hiyo. Wimbi linafunguka upande wa kulia, na ufuko wote umegawanyika vipande vyenye majina, Kitchen Windows, Magnatubes, Boneyards, Supertubes, Impossibles, Tubes, Point, Albatross. Supertubes ndiyo ile unayoiona kwenye mashindano ya dunia, ya haraka, ina pipa, yani maji yanakukunjia juu unapita ndani, haikungoji. Point iko chini zaidi, wimbi limeshapungua hasira, na hapo ndipo mtu wa kiwango cha kati anapata raha yake.

Na hoja nzito ya watu wa Jeffreys Bay ni hii, na mi naikubali, kwamba wimbi refu linafundisha. Wimbi la mchangani unasimama, unakata kona mara moja au mbili, limeisha. Pale Point ukishasimama unapata nafasi ya kukata, kukosea, kujirekebisha na kujaribu tena ndani ya wimbi lilelile, na mwili unakumbuka haraka kwa sababu haukukatizwa. Mtu aliyekwama muda mrefu kwenye kiwango kimoja, siku moja nzuri pale inaweza kumsogeza kuliko mwezi mzima wa vijiwimbi vya kwetu.

Tatizo ni hilo neno siku nzuri. Dhoruba hazina ratiba. Inaweza kupita moja safi ukapata siku mbili tatu za kukumbuka maisha yako yote, halafu bahari ikalala, au upepo ukageuka wa mashariki na huo ukianza pale hakuna kitu, maji yanavurugika unabaki unaangalia dirishani. Mtu aliyechukua likizo ya wiki moja anaweza akaikuta wiki ya kulala kabisa. Anayeishi pale haimsumbui, anafanya kazi zake akisubiri, lakini wewe umelipa tiketi kutoka Nairobi au Dar, umebadilisha ndege Johannesburg, umelipia bodi kwenye mizigo, siku mbili za kungoja zinakuuma.

Halafu baridi jamani, tusidanganyane. Maji kipindi hicho yako nyuzi kama 15 mpaka 17, asubuhi hewa inashuka chini ya 10, jua lenyewe linachomoza saa moja imepita na saa kumi na moja na kidogo jioni linazama. Sisi tuliozaliwa kwenye maji ya nyuzi 27 tunahitaji wetisuti nene, lile vazi la mpira la kuzuia baridi majini, ya milimita nne kifuani, na vile viatu vya majini kwa sababu mawe yote yamejaa kome na kuingia na kutoka kunataka mtu anayeijua njia. Pale Supertubes kuna kijipenyo kwenye mwamba wanakiita Keyhole, ukikosea muda unatolewa na mawe. Na foleni ya Supertubes ina wenyewe. Wenyeji wamekulia pale, wana haki yao na mi siwalaumu, mgeni anakaa pembeni anaheshimu zamu, ila ujue basi unaweza kukaa lisaa limoja hujagusa wimbi. Julai wakileta mashindano ya ligi ya dunia ndio kabisa, ukivutiwa zaidi na kuangalia ni muda mzuri sana, ukitaka kupanda mwenyewe kipande kile kinafungwa na vyumba vinapanda bei.

Durban ni habari nyingine. Pale kwanza ni jijini, unatoka hotelini unavuka barabara uko mchangani. Zile gati walizojenga kuingia baharini zinashika mchanga, mchanga unatengeneza vilima chini ya maji, wimbi linavunjikia hapo, ndio maana kila kipande kati ya gati na gati kina tabia yake. Upande wa kusini kwa Addington umekingwa na bandari na kilima cha Bluff, mawimbi yanafika madogo, watoto na wanaoanza wanafundishwa hapo. Ukienda kaskazini kuelekea New Pier, North Beach na Bay of Plenty yanazidi ukubwa. Kwa hiyo familia nzima mnaweza kuwa ufuko mmoja kila mtu na kiwango chake, hiyo kwa mtu mwenye watoto ni kitu kikubwa sana.

Maji ni nyuzi 20 au 21 hata katikati ya baridi kwa sababu mkondo wa Agulhas unashusha maji ya moto kutoka kaskazini, wetisuti nyepesi inatosha. Na upepo, hapa ndipo Durban inaposhinda kwa hesabu zangu. Asubuhi nyingi za baridi nchi kavu inakuwa imepoa usiku kucha, hewa inatelemka kwenda baharini, unapata upepo mwanana wa kusafisha mawimbi tangu alfajiri mpaka kama saa tatu nne hivi. Baada ya hapo unageuka na kuharibu. Ni muda mfupi, sawa, lakini unapatikana karibu kila siku. Jeffreys Bay inakupa siku nzima ila kwa bahati, Durban inakupa masaa matatu ila kwa uhakika. Mtu mwenye wiki moja mi naona achukue uhakika.

Ila wa Jeffreys Bay wanasema Durban mawimbi mengi yanafunga yote kwa mpigo, na ni kweli, siku vilima vya mchanga vikikaa vibaya unajikuta unasimama ukuta mzima unakuangukia. Mikondo pembeni ya gati inavuta kwa nguvu, mgeni lazima aulize waokoaji kabla ya kuingia. Na kuna suala la uchafu wa maji. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 na yakabomoa mitambo ya majitaka, fuko zikawa zinafungwa na kufunguliwa kwa muda mrefu sababu ya vijidudu. Nafuu ya msimu wa baridi ni kwamba kwao ni kiangazi, mvua kidogo, na mito isiposhusha maji bahari inakuwa safi zaidi. Hata hivyo angalia tangazo la manispaa siku hiyohiyo, na mvua ikinyesha subiri.

Papa. Najua ndio swali la kwanza la mama zetu nyumbani. Durban ina nyavu tangu 1952, na bodi inayozisimamia iliundwa 1964 baada ya miaka ya mashambulizi mengi pwani ile. Wengi wanadhani nyavu zimefunga bahari kama ukuta, hapana, ni vipande vya mita 200 na zaidi vinavyoshuka mita chache tu, papa anaweza kupita chini na pembeni, kazi yake hasa ni kuwapunguza wale wakubwa karibu na ufukwe. Na zinapunguza kwa kuua, si papa tu, pomboo, kasa, samaki taa, wote wananasa humo. Hili linanikera kweli, sisi tunaoingia kucheza kwenye nyumba ya wengine halafu wao ndio wanakufa. Jeffreys Bay haina nyavu, na dunia nzima iliona Julai 2015 fainali ikiendelea papa akimvaa Mick Fanning, mpanda mawimbi wa Australia, mbele ya kamera, akatoka mzima bila jeraha, fainali ikavunjwa. Kwa hiyo unachagua kati ya ulinzi wenye gharama kwa viumbe wengine na bahari iliyoachwa ilivyo. Mi sina ujasiri wa kumwambia mzazi ampeleke mtoto wake pasipo na nyavu, na pia siwezi kuzisifia. Kuna jingine hapa watu hawaliulizi, Juni na Julai makundi ya dagaa yanapita pwani ya KwaZulu-Natal, jimbo la Durban, papa na pomboo na ndege wanafuata, na bodi inazitoa nyavu zisinase kundi zima la wanyama. Siku hizo kuogelea kunaweza kufungwa. Ukienda kipindi hicho kutafuta usalama wa nyavu unaweza ukazikosa.

Halafu tuongee la sisi wageni weusi kutoka Afrika Mashariki, maana ushauri mwingi wa kusafiri haugusi hili. Fuko za Durban zilikuwa zimegawanywa kwa rangi mpaka 1989. Mwaka 1972 Eddie Aikau wa Hawaii, mmoja wa wapanda mawimbi wakubwa kupata kutokea, alifika pale kushindana na hoteli ikamkatalia sababu ya ngozi yake. Leo asubuhi ukifika New Pier unakuta vijana wa Kizulu wanapanda vizuri mpaka unatamani, na 2018 Mikey February wa Cape Town akawa mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kuingia ligi kuu ya dunia. Raha ya kuona hivyo ni kubwa. Lakini pia Aprili 2015 Durban ilikumbwa na vurugu dhidi ya wageni Waafrika, na waliopigwa ni watu kama sisi, Wakongomani, Warundi, Watanzania. Mtalii wa ufukweni hakutani na wanayokutana nayo wenye maduka mitaani, ila fuatilia habari kabla ya kukata tiketi, usiku usitembee na simu mkononi, na kama una ndugu kule mpigie yeye kwanza. Ndugu wapo wengi, Kiswahili utakisikia mitaa ya Point, ile ya Durban si ya Jeffreys Bay, na kwa Muislamu Durban ni raha tupu, chakula halali kila kona, biriani, na msikiti mkubwa wa mtaa uliokuwa unaitwa Grey uko katikati ya mji. Jeffreys Bay ni kamji ka ngisi na maduka ya nguo za bahari, kimya, kazuri, ila utahitaji kukodi gari na jioni hakuna pa kwenda.

Kwa hiyo anayeanza, mwenye watoto, au mwenye siku chini ya kumi, mi namwambia Durban bila kupepesa. Aliyezoea kushuka wimbi kwa upande mpaka hahitaji kulifikiria, mwenye wiki mbili na zaidi na asiyeumia kungoja, aende Jeffreys Bay, afikie karibu na Point na asianzie Supertubes. Wote wawili wakwepe mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai kama wanaweza, shule za kule zimefungwa, Durban ina zile mbio kubwa za farasi Jumamosi ya kwanza ya Julai, bei inaruka. Agosti watoto wamerudi shule na msafara wa dagaa kwa kawaida umeshapita.

Na kama una siku kumi na moyo wako unataka vyote, usijaribu kuendesha gari, ni karibu kilomita 1,000 na barabara ya Transkei, lile eneo la katikati ya njia, si ya kukimbilia wimbi. Anza Durban, ukae unaangalia utabiri wa Jeffreys Bay kila jioni. Ukiona mawimbi ya kusini-magharibi yenye sekunde 13 na kuendelea kati ya moja na jingine, na upepo wa kusini-magharibi umeandikwa kwa siku mbili mfululizo, chukua ndege ya asubuhi kwenda Gqeberha. Usipoona hivyo baki ulipo, kesho alfajiri New Pier kutakuwa na upepo mzuri.