JKT kwa mwanafunzi wa ufadhili: miezi mitatu inampa nini, inamnyima nini

Tuseme ni kijana wa Newala, mkoani Mtwara, aliyesoma sekondari ya kata, akafaulu, akapangiwa kidato cha tano mkoa wa mbali. Amemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei. Nyumbani hakuna fedha ya chuo, kwa hiyo anategemea mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), au Samia Skolashipu, ufadhili ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi. Kabla hata matokeo hayajatoka, jina lake linaonekana kwenye orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), la mafunzo ya miezi mitatu kwa wahitimu wa kidato cha sita: Kikosi 824 KJ Kanembwa, Kakonko, mkoani Kigoma. Toka kona ile ya kusini mpaka kona hii ya magharibi ni nchi nzima.

Wanaounga mkono mafunzo haya kwa mujibu wa sheria husema kijana huyu ndiye atakayefaidika kuliko wote. Hoja hiyo ina ukweli, ila si kwa sababu inayotajwa zaidi. Kuchanganya makabila na mikoa kulishaanza kidato cha tano, ambako Serikali hupanga wanafunzi kutoka kila pembe. Wa sekondari ya kata tayari ameshalala bweni moja na Wasukuma, Wachaga na Wahaya. Ambaye huenda hajawahi kuishi hivyo ni mtoto wa shule binafsi ya mjini. Anachokipata wa Newala ni kingine: kwa mara ya kwanza anakutana na huyo wa mjini mahali ambapo Kiingereza kizuri hakimpi mtu nafasi ya mbele. Mchakamchaka wa alfajiri, kwata, fatiki (kazi za mikono za kambini), jembe na zamu ya jikoni havijali ulisoma wapi. Anayefika chuo kikuu akiwa ameshaongoza kundi hangani, yaani katika bweni la kambi, na kusikilizwa, haingii semina ya kwanza akiwa na woga uleule. Faida hii haionekani kwenye cheti, lakini kwa mtoto wa mji mdogo ni kubwa sana.

Sasa gharama. Tangazo la JKT hutaka kila kijana afike na vifaa vyake: bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, inayofika magotini na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, nguo za baridi kwa kambi za mikoa yenye baridi, vyeti, na nauli ya kwenda na kurudi. Kwa anayeishi Mlandizi aliyepangiwa Ruvu, nauli ni ya daladala. Kwa wa Newala aliyepangiwa Kanembwa, ni mabasi ya kuunganisha kwa siku zisizopungua mbili, pamoja na chakula na malazi njiani. Kaya inayopokea ruzuku ya TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, inabeba mzigo mkubwa kuliko kaya ya mfanyabiashara wa Dar es Salaam, na hakuna anayeirudishia. Hapo ndipo usawa unaosifiwa ndani ya kambi unapovunjika hata kabla ya geti.

Tatizo la pili ni kalenda, nalo husahaulika mno. Dirisha la maombi ya mkopo kwa kawaida hufunguliwa kati ya Juni na Agosti, wakati kijana yuko kambini na simu haiko mkononi mwake muda wote. Fomu inahitaji saini yake, ya mdhamini, ya kiongozi wa mtaa au kijiji, na muhuri wa wakili au hakimu. Mwombaji yuko Kakonko, mdhamini yuko Newala. Karatasi zinasafirishwa kwa basi, saini moja inasahaulika, na maombi yanabaki pungufu. HESLB imekuwa ikipeleka maofisa wake makambini kutoa elimu ya maombi. Ni hatua nzuri, ila ofisa hawezi kusaini kwa niaba ya mjomba anayemdhamini. Yanayowezekana yafanywe kabla ya kupanda basi: kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cha kifo cha mzazi kwa yatima, kulinganisha majina ya cheti cha kuzaliwa na ya kidato cha nne, maana herufi moja ikitofautiana itadai hati ya kiapo, kuandika namba ya kaya ya TASAF, kumwachia mtu mmoja nyumbani nakala za kila kitu pamoja na ada ya maombi ya shilingi 30,000.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi ya hiyo ya fedha: mafunzo ya leo hayana kazi kwa wananchi. Ili kuielewa inabidi kurudi mwaka 1966. JKT ilikuwa imeanzishwa 10 Julai 1963 kwa kujitolea. Serikali ilipotaka wasomi walazimike, mpango ulikuwa wa miaka miwili: miezi ya kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi wale walikosea kudai marupurupu katika nchi ambayo wakulima ndio waliowalipia masomo. Lakini mpango waliougomea ulikuwa na kitu ambacho wa leo hauna: sehemu kubwa yake ilikuwa kazi.

Ulazima ulisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013, wabunge vijana kadhaa wakiwa katika kundi la kwanza. Kilichorudi ni kambi. Kwa hiyo wa Newala anafika Kigoma, anajifunza nidhamu, silaha na uzalendo, kisha anaondoka akiwa amewajua makuruta wenzake kuliko watu wa Kakonko. Mkoa ambao kwa miongo umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo unabaki nyuma ya uzio.

Kwa maoni yetu mafunzo yabaki, na yabaki ya lazima kwa wote, kwa kuwa yakiwa hiari watoto wa wenye nacho ndio wa kwanza kukosekana. Ila wiki 4 za mwisho zitoke kambini. Kijana wa tahasusi ya sayansi aliyemaliza kwata anaweza kufundisha hisabati shule ya kata iliyo jirani, au kusaidia kupanga kumbukumbu za zahanati, chini ya mwalimu mkuu au mganga mfawidhi anayesaini mahudhurio, huku chakula na malazi yakibaki ya kikosi. Wasipelekwe mmoja mmoja; wawe wanne au watano, ili shule isilemewe na msichana asibaki peke yake. Nauli za walio kwenye orodha ya TASAF zilipwe na Serikali, kwa kuwa majina yao tayari yako kwenye mfumo. Na fomu ya mkopo ya aliye kambini ipewe siku 30 za ziada baada ya kufunga mafunzo.