Pointi azitoe mteja

Wapo waanzilishi wa kampuni changa wanaoendesha kazi yao yote kama gemu ya uhusika, ile ambayo mchezaji huvaa nafasi ya mhusika wa hadithi. Mwanzilishi ni shujaa mwenye levo, mipango ya wiki inaitwa safari, mwekezaji ni zimwi linalongoja mwisho wa pango, na kila kazi ikikamilika pointi zinapanda. Programu za kusaidia hilo zipo tangu zamani kidogo. Habitica, iliyoanza 2013 kwa jina la HabitRPG, hata inampunguzia mhusika wako uhai usipotimiza majukumu ya siku.

Mimi ni mpenzi wa gemu hizi na wazo lenyewe silipingi. Kazi ya kuanzisha kampuni ni ndefu, imejaa kukataliwa, na miezi inaweza kupita bila mtu kukwambia umefika wapi. Gemu inakupa ramani. Kinachonitia shaka ni nani anazigawa hizo pointi.

Niliwahi kuuona ubao wa kazi wa timu moja ya programu waliokuwa wakicheza hivi. Kubadilisha nembo, pointi 30. Kuandika ukurasa wa kujitambulisha, 20. Kumpigia simu mteja aliyejitoa na kumuuliza kilichomkimbiza, 30. Kwa hesabu, nembo na simu ni sawa. Kwa machungu, wapi na wapi. Nembo ilibadilishwa, ikabadilishwa tena. Kadi ya kumpigia simu mteja ilikaa palepale mpaka kona zikaanza kujikunja. Na ukisoma jedwali la levo ungedhani hapo pana majemadari, ilhali hakukuwa na mteja hata mmoja anayelipa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na anayejipangia pointi atazipanga pale anapojua tayari kushinda.

Gemu za zamani zilikuwa na akili zaidi ya hapo. Dungeons & Dragons, gemu ya uhusika ya mezani ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka 1974, katika matoleo yake ya mwanzo ilitoa sehemu kubwa ya pointi za uzoefu kwa hazina iliyopatikana, si kwa mazimwi yaliyouawa. Sarafu moja ya dhahabu, pointi moja. Kupigana kulikuwa hatari na malipo yake kiduchu, kwa hiyo wachezaji wajanja walijifunza kulizunguka zimwi, kulihonga, au kungoja lilale, kisha wakaondoka na dhahabu yao.

Kwenye kampuni, dhahabu ni kile kinachotoka nje ya timu: fedha iliyolipwa, mtumiaji aliyerudi wiki ya pili bila kukumbushwa, mtu aliyekataa kununua na akaeleza kwa nini. Kuandika programu, vikao, kupamba wasilisho la wawekezaji, hata tuzo za mashindano, vyote hivyo ni kupigana na mazimwi. Mara nyingine hakuna budi, lakini pointi zake ziwe sifuri. (Mtaalamu wa programu atalalamika kwamba amefanya kazi mwezi mzima bila pointi. Alipata mshahara.)

Jambo la pili ni kete. Kwenye meza ya mchezo huwezi kutangaza kwamba umeruka bonde. Unasema unajaribu kuruka, kete inatupwa mbele ya wote, na msimamizi wa mchezo ndiye anayekwambia kama umevuka au umedondoka. Mwanzilishi anayecheza peke yake huandika safari, hutupa kete, huifunika kwa kiganja na kujisomea namba. Dawa yake ni kuandika utabiri kabla: tukiwaandikia wateja kumi wa zamani, watatu watajibu. Akijibu mmoja, umedondoka. Hapo ndipo gemu inaponoga, maana unaanza kuuliza bonde lilikuwa pana kiasi gani.

Karatasi ya mhusika, ile ambayo mchezaji huandikia uwezo na udhaifu wa mhusika wake, nayo ina faida ambayo wengi wanaipita haraka. Inakulazimisha kuandika udhaifu wako kwa namba na kuuweka mezani. Marafiki watatu wanaojua kuandika programu na wote wanaogopa kuuza ni kundi la wachawi watatu wasio na mtu wa kubisha hodi. Likionekana hilo kwenye karatasi, mtu wa nne anajulikana ni nani kabla hajatafutwa.

Ila hata gemu iliyopangwa vizuri haioni kila kitu. Kampuni ya Stewart Butterfield ilikuwa ikitengeneza gemu ya mtandaoni iitwayo Glitch, ambayo ilifungwa mwishoni mwa 2012. Wakiwa kazini walikuwa wamejiundia chombo cha kuwasiliana wao kwa wao. Hicho ndicho kilichokuja kuwa Slack, na kampuni ya programu ya Salesforce ikakubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 27.7. Sidhani kama kuna ubao wowote wa safari ambao ungekipa chombo kile pointi hata tano. Kwa hiyo mimi ningeacha nafasi tupu kwenye ubao, na kila mwisho wa mwezi timu ijiulize: ni kitu gani tunakitumia kila siku ambacho hakimo humu?

Halafu kuna waajiriwa. Mwanzilishi anacheza kwa hiari na ana hisa. Mwajiriwa hakuomba kucheza. Ukilibandika jina lake kwenye jedwali la levo linaloonwa na kila mtu, hiyo ni tathmini ya utendaji iliyovalishwa joho la mchawi, na ataitambua siku ya kwanza. Levo ziwe za timu nzima, jina la mtu lisitajwe, na anayetaka kukaa kando akae bila kuulizwa sababu. Bonasi kama ipo iwe fedha au hisa, iandikwe kwenye mkataba, tena kwa lugha ya mkataba isiyo na shujaa wala zimwi.