Geuza Pakiti ya Soseji

Anayetaka kumwona mteja wa Dar es Salaam katika ukali wake wote na aende soko la samaki la Feri asubuhi. Atamkuta mama amemshika changu, anamfunua mashavu kuona kama damu bado ni nyekundu, anamtazama jicho, anambonyeza tumbo kwa kidole gumba, kisha anamrudisha mezani bila hata kuuliza bei. Jioni mama huyo huyo huingia supamaketi, hufungua friza, huchukua pakiti ya soseji yenye picha ya mtoto anayecheka na kuitumbukiza kikapuni bila kuigeuza. Simsemi mtu, ninajisema mwenyewe. Nimewalisha wanangu soseji kwa miaka mingi, kwenye chai ya Jumapili na kwenye vyombo vya chakula cha shule, bila kujua hata siku moja ndani yake mlikuwa na nyama kiasi gani.

Soseji nzuri zipo katika maduka yetu, ila hazitambuliki kwa bei, wala kwa uzuri wa pakiti, wala kwa sakafu ya marumaru ya duka linaloziuza. Jambo ambalo mnunuzi anahitaji kulijua kuliko yote ni kiasi cha nyama, na hilo ndilo ambalo pakiti nyingi hazilisemi. Nimefikia uamuzi kwamba pakiti isiyotaja asilimia ya nyama siinunui, na ninadhani wanunuzi wengi zaidi wakifanya hivyo, viwanda vitaandika.

Ili kuelewa kwa nini kiasi hicho kina uzito, inafaa kujua soseji laini, hizi tunazozikuta kwenye friza, zinavyotengenezwa. Nyama isiyo na mifupa husagwa pamoja na mafuta, chumvi, viungo na barafu katika bakuli lenye visu vinavyozunguka kwa kasi kubwa. Barafu hiyo si ulaghai, kwa sababu visu huzalisha joto, na rojo likipata joto kupita kiasi mafuta hujitenga na soseji huharibika. Chumvi huzitoa protini zilizomo kwenye nyama, na protini hizo ndizo zinazoyashika maji na mafuta yakawa kitu kimoja kinachokatika vizuri kwa kisu. Mpaka hapo fundi hana kosa lolote. Mashaka yangu huanza pale maji yanapoongezwa kuliko uwezo wa nyama kuyashika, kisha wanga, protini ya soya na chumvi za fosfeti zikaletwa kuyazuia yasitoke. Wanga si sumu, wala soya si sumu, na sisi tuliokuzwa kwa ugali hatuna haki ya kuudharau wanga. Lakini bei ya unga naijua, na sioni sababu ya kuununua kwa bei ya steki.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Tuseme pakiti mbili za gramu 500 zimelala pamoja kwenye friza, moja ya shilingi 6,000 na nyingine ya shilingi 9,000. Mkono huenda wenyewe kwenye ile ya 6,000. Sasa tuseme ile ya kwanza ina nyama asilimia 45, yaani gramu 225, na ya pili ina asilimia 80, yaani gramu 400. Katika ile inayoitwa rahisi umelipa karibu shilingi 26,700 kwa kilo moja ya nyama; katika ile inayoitwa ghali umelipa shilingi 22,500. Bila asilimia kuandikwa, hesabu hii haiwezekani, na ndiyo maana ninaamini kwamba kutoiandika si usahaulifu wa mchora pakiti.

Pale ambapo asilimia haipo na huna budi kununua, kuna njia ya kubahatisha yenye akili. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Jina la kwanza likiwa nyama, na la pili likiwa mafuta au maji, endelea kusoma. La kwanza likiwa maji, rudisha pakiti ulipoitoa. Angalia pia nyama hiyo imeitwaje. Kuna maneno yanayomaanisha nyama iliyotenganishwa kwa mashine: baada ya minofu ya kuku kuondolewa, mifupa yenye masalia ya nyama husukumwa kwa nguvu kwenye chujio, na kinachotoka upande wa pili ni rojo laini la waridi. Kinalika, na ni bora kuliko kutupwa, lakini si paja la kuku, na bei yake isingepaswa kufanana na ya paja la kuku. Nimewahi kukuta pakiti iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba ni soseji za ng'ombe, huku nyuma kiambato cha kwanza kikiwa rojo hilo la kuku na ng'ombe akifuata nyuma ya maji, kama mgeni aliyealikwa dakika ya mwisho. Maelezo hayo, tena, mara nyingi huwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo ambazo mama yangu hawezi kuzisoma hata akivaa miwani. Katika nchi ambayo mkutano wa kijiji na mjadala wa bungeni hufanyika kwa Kiswahili, soseji nazo zingeweza kujieleza kwa Kiswahili.

Wenzetu wa Uingereza wamelitungia jambo hili kanuni: kinachouzwa kwa jina la soseji ya nguruwe lazima kiwe na nyama hiyo isiyopungua asilimia 42, soseji nyingine zina viwango vya chini ya hicho, na kiwango cha nyama huandikwa kwenye pakiti. Viwango hivyo vyenyewe ni vya chini, hata vinanishangaza, lakini angalau mnunuzi anaambiwa. Huku kwetu usimamizi wa usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na mimi huitafuta nembo yake kabla ya kitu kingine chochote. Hata hivyo, soseji inaweza kuwa salama kabisa na bado ikawa ni wanga mtupu uliotiwa viungo.

Watu wengi wakiona kwenye orodha ya viambato herufi E na tarakimu zake, yaani namba za viongezwa vya chakula, huogopa vyote kwa pamoja, na hapo nadhani tunakosea. E250 ni nitriti ya sodiamu, ndiyo inayoipa soseji rangi ya waridi na kuwazuia bakteria wa botulizimu, ugonjwa ambao jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa sababu Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19, watu walikufa kwa kula soseji zilizoharibika. Sitaki soseji ya kiwandani inayokaa miezi bila kinga hiyo. Lakini pia sitaki kuila kila siku. Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, ikieleza kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyumbani kwangu soseji zimebaki kuwa chakula cha Jumapili, na chombo cha shule sasa kina yai.

Rangi ni ushahidi mwingine. Nyama ya kuku iliyopikwa ni nyeupe, na nitriti ikiipaka huwa waridi hafifu. Soseji ya kuku iliyo nyekundu kama jezi ya Simba imepakwa rangi, na mtu hupaka rangi ukuta ambao hataki uonekane ulivyo. (Mimi ni Yanga, lakini hoja inasimama bila ushabiki.)

Niliwahi kudhani mizani ya jikoni ingenimalizia kazi. Nilipima soseji nne za aina mbili kabla na baada ya kuzikaanga, nikitarajia zile za bei ya chini zipungue sana kwa kuvuja maji. Mizani ikanidanganya. Zile nilizozishuku zilipungua kidogo tu, kwa sababu wanga na fosfeti vimewekwa humo kwa kazi hiyo hiyo ya kuyashika maji. Zilivimba kikaangoni kama maputo, zikawa nzuri machoni, na dakika mbili baada ya kutolewa zikanywea na kujikunja ngozi kama vidole vya mtu aliyefua nguo mchana kutwa. Zile nyingine zilitoa mafuta kidogo, zikabaki na umbo lake, na nilipozikata nilikuta chembe za nyama na za mafuta zinazotofautiana kwa macho.

Binti yangu wa kidato cha pili ndiye aliyeleta jaribio lililofanikiwa. Alichukua kipande cha kila soseji, akakidondoshea tone la iodini tuliyokuwa nayo kwa ajili ya vidonda, kama walivyofundishwa maabara kupima wanga kwenye muhogo. Kipande cha kwanza kilibaki na doa la kahawia. Cha pili, cha zile nilizozishuku, kiligeuka bluu-nyeusi kabla hajafunga kifuniko cha chupa, tena si madoa madoa bali uso mzima. Vipande hivyo havikuliwa, bila shaka. Jaribio hilo haliioneshi soya, na viungo vya kusaga vinaweza kuacha alama kidogo hata katika soseji safi, lakini weusi ule haukuwa wa pilipili manga.

Kilichobaki ni ubaridi, na hapa ndipo soseji nzuri huharibiwa na watu ambao hawakuzitengeneza. Soseji zilizogandishwa zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ina maana kwa sharti hilo tu. Tarehe haijui kwamba umeme ulikatika tangu saa tatu usiku, wala kwamba mwenye duka huzima friza akifunga ili units za LUKU zimfikishe mwisho wa mwezi. Siku moja nilinunua pakiti katika duka moja la mtaani ambayo soseji zake zilikuwa zimegandamana na kupinda, na ndani ya plastiki kulikuwa na barafu ya waridi kwenye kona. Nilifika nayo nyumbani, nikaifungua, ikanuka uchachu. Nilipoirudisha, kijana wa kaunta aliitazama tarehe, akanionesha kwa kidole: "Dada, hii bado ina miezi mitatu." Sikuwa na hoja ya kisheria, nilikuwa na pua tu. Tangu siku hiyo naitikisa pakiti kabla ya kuinunua: soseji zilizogandishwa mara moja tu huachana na kugongana kama kuni kavu, na zilizoyeyuka kisha zikagandishwa tena hushikana bonge moja lenye theluji yake ndani.

Nyingi huuzwa zikiwa zimeshapikwa kiwandani, na watoto huzitafuna zikiwa baridi kutoka kwenye jokofu. Ninawakataza. Mlipuko wa ugonjwa wa bakteria wa listeria uliotokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 uliua watu zaidi ya 200, na chanzo chake kilikuwa poloni, ndugu wa karibu wa soseji, ambayo nayo hutoka kiwandani ikiwa imeiva.

Kwa Waislamu, na kwa mtu yeyote asiyekula kitimoto, suala la kilichomo lina uzito mwingine kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya kupima sampuli 139 za bidhaa za nyama, zikiwemo soseji, na kukuta kwamba asilimia 68 zilikuwa na nyama au mmea ambao haukutajwa kwenye lebo, na nguruwe alikuwa miongoni mwao. Hapo iodini haisaidii kitu, wala jicho. Kunahitajika maabara, ukaguzi wa kushtukiza na cheti cha halali kilichotolewa na chombo kinachojulikana, si neno lililochapwa tu na mwenye bidhaa.

Siku hizi nusu ya soseji zangu sizinunui kwenye friza. Kuna bucha moja Tabata ambayo kijana wake alijifunza kazi hotelini, na kila Ijumaa jioni husaga nyama ya ng'ombe na kuijaza kwenye utumbo wa kondoo uliosafishwa kwa chumvi. Hazina pakiti, kwa hiyo hakuna cha kugeuza, na mara ya kwanza jambo hilo lilinitia mashaka makubwa kuliko lebo yoyote. Nilimuuliza kiasi cha nyama. Hakujua asilimia, lakini alinitajia alivyopima: kilo kumi za nyama, kilo mbili za mafuta, kilo moja na nusu ya barafu, chumvi, kitunguu saumu, kotimiri kavu na pilipili manga, kisha akanifungulia mashine nione ilivyooshwa. Kwa hesabu yangu hiyo ni zaidi ya asilimia 70. Hazina kihifadhi, kwa hiyo zinatakiwa kupikwa siku hiyo hiyo au kesho yake, na ni za kijivu zikiiva, jambo ambalo lilimfanya mwanangu wa mwisho azikatae kwa wiki mbili. Jumamosi ukifika baada ya saa sita mchana hukuti kitu.