Asilimia 10 ya pango la fremu: nani aubebe mzigo?

Anayefungua duka Majengo, Makole au Ilazo jijini Dodoma hukutana na jambo hili kabla hajauza hata kilo moja ya sukari. Anapeleka mkataba wa fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga, kwa TRA (Mamlaka ya Mapato) ili apate TIN, namba ya mlipakodi, ya biashara, na pale mezani anaambiwa kuna ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, na kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Mwenye fremu naye alishatangaza msimamo wake tangu siku ya kupatana bei: anataka hela yake kamili.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haina utata hapa. Kodi ya zuio ni kodi ya mwenye nyumba, kwa sababu yeye ndiye aliyepata kipato. Mpangaji kazi yake ni kukata asilimia 10 anapolipa pango, kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi huo kuisha, na kumkabidhi mwenye nyumba hati ya zuio. Fremu ya shilingi 200,000 kwa mwezi ikilipiwa miezi 6 kwa mkupuo ni 1,200,000. Mwenye fremu apokee 1,080,000, na 120,000 ziende serikalini. Tatizo linaanzia mbele kidogo: mpangaji asipokata, deni linakuwa lake. Sheria inamruhusu kumdai mwenye nyumba fedha hiyo, ila ni wachache watakaothubutu kumdai mtu anayeweza kukataa kuwaongezea mkataba miezi minne baadaye.

Utaratibu huu una hoja nzito za kuutetea. Wenye fremu ni wengi, wametawanyika, na wengi wao hawapeleki ritani, yaani taarifa za mapato yao, TRA. Mpangaji ana TIN na leseni, hivyo anaonekana. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 fremu zimejengwa pembezoni mwa karibu kila barabara ya mtaa, na kipato hicho kisipotozwa, mzigo wote wa kodi unabaki kwa mwenye duka na mwajiriwa anayekatwa kwenye mshahara. Hiyo nayo si haki.

Mwenye fremu naye asikilizwe. Asilimia 10 inakatwa kwenye pango lote kabla ya kutoa chochote: si riba ya mkopo aliojengea, si rangi, si bati lililoezuliwa. Kodi ya ardhi inamsubiri kila mwaka. Na fremu ikikaa tupu miezi mitatu, hakuna anayemrudishia kitu. Anaposema anataka hela kamili, mara nyingi ameshaipigia hesabu kwenye marejesho ya benki.

Hata hivyo, nikiwaweka wote kwenye mizani, anayeumia kupita kiasi ni mpangaji mdogo. Mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 100 kwa mwaka, asiyetunza hesabu kamili, hutozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo. Gharama zake haziangaliwi. Akiibeba asilimia 10 ya mwenye nyumba, hapunguziwi popote: amelipa kodi yake na ya mwenzake. Na akitaka kuibeba kwa hesabu sahihi, si 120,000 tena. Ili mwenye fremu abaki na 1,200,000 kamili baada ya kukatwa, pango lenyewe lazima liwe 1,333,333 na kodi 133,333. Fremu ya laki mbili imekuwa ya 222,000 na ushee kwa mwezi, na ushuru wa stempu bado.

Ndipo linapokuja jibu la mtaani: mkataba wa bei ya chini. Wanaandika 80,000 badala ya 200,000. Kwa miezi 6 kodi ya zuio inashuka kutoka 120,000 hadi 48,000, na kila mtu anadhani amepona. Mbali na kuwa ni kuidanganya TRA, angalia kinachopotea. Mwenye fremu akimtoa mpangaji baada ya miezi mitatu, mpangaji anadai pango la miezi mitatu iliyobaki. Kwa ukweli ni 600,000. Kwa karatasi ni 240,000. Na mwenye fremu akidai malimbikizo, naye karatasi hiyohiyo inamfunga. Wote wawili wameuza ushahidi wao kwa shilingi 72,000.

Kuna kosa jingine linalowagharimu watu bila sababu. Wajibu wa kukata kodi ya zuio unakuja pale pango linapolipwa. Ukilipa kila miezi 3, unakata kila miezi 3. Lakini mkataba ukisema tu "mwaka mmoja, shilingi 2,400,000", bila kutaja awamu za malipo, ni rahisi kukadiriwa 240,000 kwa mpigo. Ushuru wa stempu ndio unaopigiwa pango la mwaka, 24,000 kwa mfano huu, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba kusainiwa. Huo usiuruke. Mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hadi ushuru na faini vilipwe, na mara nyingi mtu hugundua hilo siku ya shauri.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, mkataba utaje pango kabla ya kodi, awamu za kulipa na tarehe zake, TIN ya mwenye fremu, na nani anabeba asilimia 10. Kama mmekubaliana mpangaji aibebe, iandikwe, na bei ipunguzwe kwa kiasi hicho. Malipo yapitie benki au simu ili yaache alama. Hati ya zuio itolewe kila awamu, maana bila hiyo mwenye fremu hana cha kuonyesha kwamba kodi yake imelipwa, na hapo ana kila sababu ya kukataa kukatwa safari ijayo. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021 nayo ni ya mwenye jengo. Iingizwe kwenye mkataba huohuo.

TRA nayo ina sehemu yake. Mkataba unapofika mezani, TIN ya mwenye fremu imo, na mara nyingi namba yake ya simu pia. Makadirio ya asilimia 10 yanaweza kutumwa kwake siku hiyohiyo, aone kwa macho yake kuwa anayedaiwa ni yeye, badala ya habari hiyo kumfikia kupitia mpangaji anayeogopa kuipeleka.